Unga Mwengine

Mwanatabu wa Mtongwe ameishi na unga tangu ujana wake. Alfajiri huukanda kwa tui la nazi na iliki, akaufunika uumuke, na jua likichomoza karai liko motoni na mahamri yanafura moja moja. Watu wa Likoni wanaowahi kivuko wanamjua kwa mahamri hayo na kwa mbaazi zake za nazi. Wengine wanamjua kwa ulimi wake, maana mteja akibonyeza hamri kabla ya kulinunua, atatamani angelala na njaa.

Lakini kuna unga mwengine, ule wa kulevya, na huo sisi watu wa pwani hatuutaji kwa sauti. Ukitaja unga dukani, utapimiwa ngano. Ukisema "fulani anatumia unga", waliopo watatazama chini, kisha watauliza hali ya mamake. Mwanatabu aliulizwa hivyo miaka mingi. Mwanawe wa kwanza, Mwidani, alianza kwa kuchelewa kuamka, akaja akauza sahani za harusi za mamake, akauza mabati ya choo, na mwisho akaokotwa maiti kwenye jengo lisilokwisha. Amebaki Abubakar. Huyo ndiye mwana, ndiye hofu.

Sasa huyu Abubakar, mpakuzi wa magunia katika ghala moja la Changamwe, mwaka huu alibadilika. Kwanza alikataa mahamri. Mtoto aliyeota meno kwa mahamri, leo anasema eti ngano na sukari vinamtia uzito! Akawa asubuhi anakula mayai ya kuchemsha, makavu, hata chumvi hatii. Anakunywa maji mpaka mtungi unalia mtupu. Jioni, badala ya kunyoosha mgongo, anakwenda jimu ya mtu aitwaye Bramwel, ambayo ni ua tu wenye vyuma na makopo ya rangi yaliyojazwa simiti. Akirudi, hakai kitini mpaka ashike ukuta, na kila kiungo kinamfanya agune.

Mwanatabu hakuelewa. Mtu abebe magunia kutwa, kisha aende akabebe simiti bure?

"Kazi yanivunja, mama," Abubakar alimjibu. "Chuma chanijenga."

Jibu hilo lilimchanganya kuliko swali lenyewe. Akaona heri anyamaze, jambo ambalo kwake si dogo.

Jumapili moja, siku ya Abubakar ya mapumziko, Mwanatabu alikuwa uani akisugua karai, akamsikia mwanawe chumbani akizungumza kwa simu.

"Bramwel, unga umen'ishia. Wallahi jana sikulala, mwili wote waniuma, mikono hainyanyuki. Niletee leo, ndugu yangu, usin'tupe."

Karai lilimponyoka. Maneno yale aliyajua. Mwidani alikuwa akiyasema vilevile akishikwa na arosto, ile hali ya mwili kuudai unga ulioukosa: hapati usingizi, viungo vyote vinamuuma, anaomba aletewe. Miguu ikampeleka kwa jirani yake Jael, mwenyeji wa Kaloleni anayekaanga samaki mkabala naye. Jael ndiyo kwanza anatoka kanisani, kitambaa bado kichwani.

"Jael, Abu yuwatumia."

"Anatumia n'ni, mama Mwidani?"

"Unga."

Jael akaketi. Akafikiri, kwa kuwa ni mwanamke anayependa jambo likae sawa. "Lakini mbona anazidi kunenepa? Mateja wa unga hukonda."

"Ndiyo nami sielewi!"

"Anaoga?"

"Mara mbili kwa siku."

"Vyombo vimepotea?"

"Hata kijiko. Juzi ameninunulia sufuria."

Jael akakata shauri. "Basi labda huu ni mpya," akasema. "Wa kunenepesha."

Ushauri wa Jael ndivyo ulivyo, ni wa bure na hukuachia homa. Mwanatabu alirudi kwake hajui aombe dua, apige kelele au aende kwa chifu. Kama mtoto ananenepa, anaoga na analeta sufuria, na bado anatumia, basi yeye mama hakuwahi kuujua unga ni kitu gani, na Mwidani alimfia kwa jambo asilolijua. Fikira hiyo ilimuuma kuliko zote.

Alasiri akamkuta Abubakar amesimama mezani. Mbele yake pana kopo kubwa jeusi. Alichota unga mweupe kwa kijiko cha plastiki, akautia kwenye bilauri ya maziwa, akakoroga huku akipiga mluzi. Hakuficha wala hakugeuka.

"Abu."

"Naam, mama."

"N'ambie kweli, haki ya Mungu. Watumia unga?"

"Natumia," akasema, macho makavu. "Tangu Rajabu. Pale jimu sote twatumia."

Mwanatabu akashika mlango. Alikuwa amejiandaa kwa uongo. Mwidani alimdanganya mpaka siku ya mwisho, na uongo alijua kupigana nao. Huu ukweli mweupe, tena wa mtu anayetabasamu, hakuujulia dawa.

"Waweza kuuacha?"

"Naweza, lakini niuache kwa nini? Nikiukosa, kesho yake gunia halinyanyuki. Hata wewe ungekunywa kidogo, magoti yangepata nguvu."

Anamkaribisha! Mama yake mzazi! Mwanatabu alivuka chumba, akampokonya bilauri.

"Lete! Unga huu umenichukulia nduguyo nami nauona hivi hivi, wala siujui. Leo na niujue. Ukienda, twende sote."

Akasema bismillahi kwa mazoea, akaomba toba papo hapo kwa kuisema, akainywa yote. Kisha akasimama wima, macho ameyafumba, akingoja kufa au kulewa. Hakikuja kitu. Mdomoni mlikuwa na maziwa, vanila na madonge ya unga usiokorogeka.

Akafumbua jicho moja. "Mbona ni tamu?"

"Ni maziwa, mama. Yamekaushwa yakawa unga. Ni protini, ya kutibu misuli iliyochoka. Hata mbaazi zako zinayo. Kwani wewe ulidhani..."

Uso ukambadilika, kwa maana sasa alijisikia mwenyewe alivyokuwa akisema tangu Rajabu, nyumbani humu, mbele ya mama huyu.

"Si ule, mama. Wallahi, si ule. Mola anihukumu."

Mwanatabu alimtazama mikono, akamtazama macho, mahali alipozoea kumtafutia Mwidani dalili za unga. Akaiweka bilauri mezani taratibu.

"Na ule wa nduguyo," akauliza, "ladha yake ikoje?"

"Sijui, mama. Sijui kabisa."

Siku nzima hiyo, hilo ndilo jibu pekee alilolielewa. Akamkumbatia mwanawe amshike vizuri, lakini kifua kilikuwa kimepanuka mno, mikono yake haikukutana mgongoni, akalia hivyo hivyo kwa sauti.