Jembe Nililopanda Nalo Lukwangule

Kwetu Matombo bado wapo wanaosema nilitoroka. Waongo. Anayetoroka hukimbia, na mimi alfajiri ile hata kutembea sikuweza. Nilikuwa mwali. Nilivunja ungo nikiwa namaliza darasa la saba, nikawekwa ndani miezi minne, sioni jua wala watu isipokuwa bibi mzaa mama aliyeniletea chakula na mafunzo. Miguu ilikuwa imelegea kama ya mtoto anayesimama dede.

Barua ilinikuta humo humo ndani. Mjomba aliisoma kwa sauti barazani kwa bibi, nami nikasikia kupitia ukutani: nimechaguliwa kwenda sekondari, shule ya bweni upande wa pili wa milima. Nilete blanketi, ndoo na jembe. Zilikuwa enzi za elimu ya kujitegemea. Bila jembe hupokelewi.

Kisha nikasikia karatasi ikikunjwa. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo msemaji wangu alikuwa mjomba, naye alikuwa pia balozi wa nyumba kumi. Nani angembishia?

"Posa imeshaletwa, mama," alimwambia bibi. "Akitoka achezwe, aolewe. Kusoma kutamsaidia nini?"

Posa yenyewe ilikuwa jembe jipya, la mwanamume mwenye migomba mingi. Duka la ushirika lilikuwa halijaona jembe tangu masika, naye kaleta zima na mpini wake. Mjomba aliliegemeza barazani kwake kila mgeni alione. Mchumba sikuwahi kumwona, lakini jembe lile nililichukia.

Siku ya tatu, kukiwa kunapambazuka, bibi alifungua mlango, akanifunika kanga kichwani jinsi mwali anavyofunikwa, akanipa barua aliyoitoa kwenye koti la mjomba. Halafu akanitia mkononi jembe lile lile.

"Bibi, hili si la posa?"

"Posa haijajibiwa. Utaijibu ukirudi. Sasa genda!"

Njia ya barabarani ilipita mlangoni kwa mjomba, basi tukashika ya mlimani. Bibi alitangulia na ndoo kichwani, blanketi ndani yake. Mimi nilijikongoja nyuma na jembe, nikilitumia kama mkongojo. Nilianguka, nikalia, nikamtukana mjomba. Matusi bibi alinikemea, kilio akaniachia. Tulilala kwa shoga yake, kijiji cha mwisho kabla ya msitu, na asubuhi tukaingia kwenye ukungu na mianzi, matope hadi magotini. Mchana msitu ukaisha ghafla, tukatokea juu kabisa ya mlima, Lukwangule.

Wapo wasomi wanaoniambia juu ya Lukwangule hakuna ziwa, ni kinamasi tu. Shauri yao. Mimi nililiona. Maji meusi yametulia, na bonde lote limejaa maua, ya njano, ya zambarau, na meupe makavu yanayokwaruza miguu ukipita. Macho yangu yaliyozoea giza yaliuma, nami sikukubali kuyafumba.

Bibi alitua ndoo, akanivua kanga kichwani. Akaninawisha uso kwa maji ya ziwa, akanipaka mafuta ya nyonyo aliyokuja nayo kwenye chupa.

"Mwali hatolewi kimyakimya," alisema. "Piga hilo jembe."

Nikaokota jiwe, nikaligonga. Lililia vizuri kuliko nilivyotegemea. Bibi akaimba nyimbo zote za mwali na kuitikia mwenyewe, akacheza kati ya maua yale, rozari ikirukaruka kifuani, mpaka pumzi zikamwishia akakaa chini.

"Mimi nilikaa ndani masika mawili," aliniambia akihema. "Nilipotoka nilimkuta mume uani. Hakuna aliyeniuliza."

Nililia tena, safari hii si kwa ajili ya miguu.

Kesho yake, kwenye geti la shule, matroni alinitazama nilivyo pekupeku na tope, akauliza kama nimeleta jembe. Nimeleta, nikamwambia. Bibi alikuwa ameshageuka kurudi kwake.

Mwaka mzima nililima nalo mahindi na maharage ya shule. Likizo ya Desemba nilirudi kwa njia ya barabarani, mchana kweupe, watu wote wananiona. Mjomba alikuwa barazani.

"Shikamoo, mjomba."

Hakuitikia. "Mwizi wa jembe," alisema. "Na mwali asiyechezwa. Nani atakuoa?"

"Nimechezwa, mjomba. Ngoma yangu ndiyo hii."

Nikaliweka jembe miguuni pake. Lilikuwa limelika, limebaki nusu, mpini umeng'aa kwa jasho langu.

"Mrudishie mwenyewe," nikasema. "Mwambie hilo ndilo jibu."

Papo hapo, uani kwa bibi kigelegele kilipigwa, kirefu, hadi majirani wakatoka nje kuuliza nani anaolewa.