Bakuli la Jumatano

Mama yangu, Ardis Tollefson, tulimzika Ijumaa, na mji mzima ulikuja. Nusu yao aliwaokea keki za harusi, na wajukuu wake sita walikulia jikoni kwake. Walimsifu mpaka koo zikakauka. Mimi nilikuwa natazama mlango.

Nakiri kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Kwa miaka kumi na tisa, kila Jumatano, Mama alitoka na bakuli la kioo la viazi na nyama, akisema anampelekea mgonjwa. Mgonjwa gani huyo asiyepona wala kufa? Na mbona alijipaka rangi ya mdomo? Kwetu bakuli la mtu halirudishwi tupu, kwa hiyo alirudi na matufaha madogo, machachu. Baba aliyala bila kuuliza kitu. Nilimwonea huruma, nikamchukia huyo mwanamume nisiyemjua.

Baada ya mazishi tulikuwa tunakula katika chumba cha chini cha kanisa. Bwana mmoja mwembamba akaingia kwa mlango wa jikoni, akatua bakuli la matufaha mezani. Nikaliinua, nikachungulia chini. Jina la Mama lilikuwa limebandikwa pale, kwa mwandiko wake.

"Kumbe wewe ndiye wa Jumatano," nikamwambia. "Ulikuwa nani kwa mama yangu?"

"Naitwa Wendell Prochaska, dada."

Wendell ndiye aliyemgonga kaka yangu Curtis kwa lori na kumuua, asubuhi moja ya ukungu, miaka kumi na tisa iliyopita. Sura yake sikuwahi kuiona, lakini jina nililijua. Mwaka ule Baba aliapa kwamba yeye na Wendell hawatakaa chumba kimoja wakiwa hai.

"Alinikuta sijala siku tatu," Wendell akasema. "Sikuweza hata kumtazama. Akaniambia, kula kwanza. Wiki iliyofuata akaja tena."

Nilitamani kulia, lakini Baba alikuwa anakuja na fimbo yake. Mzee wa miaka themanini na tatu, na moyo wenyewe mbovu. Angeanguka palepale, siku ya kumzika mkewe.

"Toka," nikamnong'oneza Wendell. "Pitia hukohuko jikoni, na usirudi."

Nikasimama mbele ya bakuli. Baba akanisogeza kwa fimbo, akachukua tufaha, akalisugua kwenye koti.

"Mwaka huu madogo," akamwambia Wendell.

"Mvua ilichelewa, mzee."

"Nilimtuma Ardis akwambie uupogoe ule mti."

"Aliniambia. Mgongo ndio umenigomea."

Baba akang'ata, akakunja uso kwa uchachu kama siku zote. "Jumatano njoo nyumbani. Mimi kupika sijui, utakula mayai."

Nilihisi kama mgeni kwenye msiba wa mama yangu mwenyewe.

"Curtis alikuwa kaka yangu, Baba. Mbona mimi hamkuniambia?"

Akaendelea kutafuna, hakunitazama.

"Ungemfukuza," akasema. "Nimekusikia sasa hivi."