Meno Sita ya Masatu Magesa

Daftari la zahanati moja mjini Bunda lina jina la Masatu Magesa, mkazi wa Nyegina, tarehe 11 Februari 1985: meno sita ya mbele, taya la chini, yameng'olewa. Safu ya ugonjwa iko tupu. Meno yalikuwa mazima.

Masatu alikuwa na miaka ishirini na mitano. Kiwanda cha kuchambua pamba alikokuwa kibarua kilikuwa kimesimama kwa kukosa vipuri, naye alikuwa amepania kwenda Kenya kukata miwa. Kijaluo alikijua vizuri, kwa kuvua miaka mingi na Wajaluo wa Shirati. Mzee mmoja wa huko, aliyekata miwa kabla mpaka haujafungwa mwaka 1977, ndiye aliyempa siri.

"Kule wanaandika Wajaluo wa kwao tu, na Mjaluo kwa mila hung'olewa meno sita ya chini. Ukifumbua mdomo wakaona pengo la chini, hawakuulizi kitambulisho."

Mkewe Dafroza hakupenda. "Baba Esta, nyama utatafunaga na nini?"

"Nyama gani, mama Esta? Unayo?"

Zahanati haikuwa na dawa ya ganzi tangu Krismasi. Watu wawili walimshika mabega. Alingoja ufizi upone, kisha akavuka mpaka wa Sirari kwa miguu, na njia nzima ulimi wake ulikuwa ukitafuta meno.

Karani wa shamba la miwa, Mjaluo wa rika lake, alimsikiliza akijitaja kwa Kijaluo safi kuwa mtu wa Migori. Akamtazama mdomoni, akaita wenzake waje waone. Wote walikuwa vijana, na wote walikuwa na meno yao kamili.

"Hii pengo ni ya babu yangu! Ulizaliwa mwaka gani, mzee?" Karani alicheka mpaka akafuta machozi. "Vijana wa huku waliacha hiyo maneno kitambo. Wewe ni Mtanzania."

Masatu alikana.

"Sasa unakataa nini? Watanzania ndio tunataka. Mkenya ako na chama, akiumia ananipeleka kortini. Wewe utanipeleka wapi?"

Alimwandika bila namba, kwa nusu ya ujira. Masatu alisema asante, na neno likamtoka na mate.

Jumatatu alianza kukata. Mwisho wa mwezi, siku moja kabla ya malipo, askari waliingia shambani kukagua vitambulisho, na Watanzania wote ishirini na wawili wakarudishwa Sirari kwa lori.