Dua ya Kupunguza Mawaziri

Jina langu lifiche, bwana mhariri. Mtaa utaje tu, Mji wa Kale tuko wengi. Mimi ni mama wa miaka arubaini na sita, watoto wanne. Shule niliishia darasa la sita, ila chuo cha Kurani nilihitimu. Wasomaji mnisamehe maandishi yakipinda, moyo wenyewe umepinda.

Mume wangu alikuwa tarishi katika afisi moja ya serikali hapa kisiwani, miaka ishirini na miwili. Mwaka jana wakaitwa yeye na wenzake, wakaambiwa serikali imenenepa mno, haiwezi kulipa watu wote, kwa hivyo wadogo warudi makwao. Sasa hubeba magunia kwenye magodauni ya Shimanzi, na umri ule, akirudi shingo imechubuka.

Hata mwezi haukwisha, redio ikatangaza kwamba wizara moja imepasuliwa zikawa mbili. Kila kipande na waziri wake, na kila waziri na wasaidizi wawili. Mmoja wa wasaidizi hao ni kakangu, tumenyonya ziwa moja. Sitasema uongo, nilifurahi. Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia madirishani.

Furaha ilinitoka siku aliyokuja kutuamkia na magari mawili, dereva na askari. Mama yetu miguu haina nguvu lakini ulimi anao. Akamuuliza kazi yenyewe ni ipi.

"Namsaidia waziri, mama."

"Na yule mwenzio?"

"Naye amsaidia waziri."

"Maskini," mama akasema. "Kwani waziri mwenyewe mgonjwa, hata ashikwe huku na huku?"

Tulicheka sote ila yeye. Akaanza kutueleza, kama mtu anayesomea watoto, kwamba ana mshahara, ana posho ya nyumba ingawa nyumba anayo, na akikaa mkutanoni hulipwa kwa kule kukaa. Mume wangu alikuwa pale pembeni akijipaka mafuta ya karafuu shingoni. Mimi ndiye niliyeungua. Hawa waliotuambia serikali imenenepa, kumbe walikuwa wakitoa nafasi mezani wakae wao.

Tangu siku hiyo, kila nikimaliza sala ya alfajiri, nilikuwa nikiinua mikono na kuomba kwa Kiswahili changu: Ya Rabbi, wapunguze mawaziri wetu, na watakaobaki wape mshahara wa tarishi wapate kutujua. Sikumficha mume wangu. Alikuwa kwenye msala mmoja nami, akisikia, akitikisa kichwa.

Kakangu akamchukua mama nyumbani kwake Mbaraki, eti huko kuna kitanda kizuri na daktari huja. Kisha akafanya maulidi ya kushukuru cheo, baada ya sala ya adhuhuri. Mume wangu ndiye aliyeombwa kusoma dua, kwa kuwa sauti yake haina mfano na watu wamemzoea. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia, pilau inanukia, kila mtu roho yake iko kwenye masinia. Akasoma Kiarabu, akamaliza, akaingia Kiswahili. Ya Rabbi, wape wagonjwa wetu shifaa. Amin. Ya Rabbi, warehemu wazee wetu. Amin. Ya Rabbi, wapunguze mawaziri wetu, na watakaobaki wape mshahara wa tarishi wapate kutujua.

Wallahi, umati mzima ukaitika Amin. Kakangu naye, macho kayafumba, mikono kaiinua, akaitika kwa sauti kuliko wote. Ni pale mzee mmoja aliposhindwa kujizuia kicheko ndipo watu walipotambua walichokiitikia.

Kakangu hakula. Alimvuta mume wangu kando akamuuliza nani kamfundisha maneno hayo. Akajibu, "Moyo wangu." Hakunitaja. Nami, nimesimama hapo nyuma ya pazia na bakuli la kachumbari mkononi, nilinyamaza. Hiyo ndiyo aibu yangu ya kwanza, na hakuna aijuaye ila nyinyi sasa.

Siku ya pili kakangu akanijia. "Mwambie mumeo, mdomo uliofungua ndio utakaofunga." Ataka Ijumaa ijayo watu wale wale wakusanywe, mume wangu asome dua ya kuitangua ile, amuombe Mungu awazidishe viongozi na kuwapanulia riziki, na watu waitike. Mpaka hapo, nisikanyage Mbaraki. Nilidhani ni hasira za kupita. Nikapika uji wa mtama anaoupenda mama, nikaenda. Askari langoni, kijana wa bara mwenye adabu, alishindwa hata kuniangalia. "Mama, nisamehe. Nimepewa jina lako." Askari huyo analipwa na sisi sote, na kazi aliyopewa ni kunizuia nisimuone mzazi wangu. Mama ana sukari na presha, kila siku yake moja ni zawadi.

Mume wangu amekubali kwenda kusoma. Amesema, "Mamako ni mama yangu. Nitasoma anavyotaka, Mungu ajua kilicho ndani." Kusema hivyo kwake ndiko kunakonichoma. Maneno ni yangu, fedheha anabeba yeye, juu ya magunia. Nikimwambia kakangu ukweli, namjua, lango litafungwa moja kwa moja, nami nitaitwa kwenye maziko tu. Nikinyamaza, Ijumaa nitakuwa nyuma ya pazia lile lile, mikono juu, nikimuomba Mola atuongezee watu wa kumshika waziri huku na huku, ilhali najua watakaotolewa kuwapisha ni akina mume wangu.

Nishaurini, ndugu zangu. Msiniambie nisubiri, subira nimeimaliza. Niambieni tu: mtu humuomba Mungu asichokitaka, ili aruhusiwe kumuosha mamake miguu?