Maji Kwanza

Juzi Korogwe, nikisubiri kopi za vyeti dukani, masikio yangu yalihamia kompyuta ya jirani. Binti alikuwa kwenye programu ya kuandikia amri za mchezo, na kwenye skrini walisimama ng'ombe. Nyuma yake alisimama baba yake, mfugaji wa Handeni, aliyekuja kumrudisha nyumbani.

"Hao ng'ombe wanakwenda wapi?"

"Popote nitakapowaandikia, baba. Nikibonyeza hapa, wanaondoka."

Mzee akamshika mkono. "Usiwaondoe, mama. Maji umeyaona wapi?"

Binti akaandika kisima kwanza, ndipo akabonyeza. Ng'ombe wakaenda, wakanywa.

Mzee akavuta kiti. "Wale wetu waliokufa kwa ukame," akasema taratibu, "waandike nao wafike."

Wambea wenzangu, nilitega sikio nipate ugomvi. Habari ya kurudi nyumbani haikutajwa tena.