Siku Nilipomvusha Mpaka

Kosa lilikuwa langu, na silisemi kwa unyenyekevu. Nalisema kwa sababu nimechoka kupewa pole.

Miaka ile ya mkataba wa amani wa Sudan nilikuwa mtu wa mapokezi katika hoteli ya mahema jijini Juba. Mpishi wetu alikuwa Mkenya mwenzangu, mama wa watoto wawili, mcheshi hata mkaa ukiisha. Mchana mmoja mteja mwenye cheo na bastola akalalamika kwamba nyama ni ngumu. Mama akatania kuwa huyo ng'ombe alikufa kwa uzee. Mteja akampiga chupa usoni. Jicho la kushoto halikuona tena.

Nilimpeleka polisi, kituo cha mtaa wa Munuki. Afisa aliyetupokea alikuwa amekulia ukimbizini Uganda, na Kiswahili chake alikiokota huko. Aliandika jina la mpigaji bila kusita, nami nikapata moyo.

"Wewe iko nani yake?" akaniuliza.

"Kaka yake," nikadanganya. Pale, kesi ya mtu asiye na ndugu haina mwenyewe.

"Sawa. Huyu mama akae Juba mpaka korti. Yeye akienda, kesi nakufa."

Nilimwona mshamba. Mimi wa Nairobi nifundishwe sheria na mtu ambaye ofisi yake ni kontena? Nikaomba nakala ya fomu yao ya Kiarabu, ikagongwa muhuri. Mama hakutaka kuondoka. "Nataka anitazame mahakamani, hivi nilivyo," alisema. Nikamshinda kwa maneno: utatibiwa kwenu, utalala na wanao, na kesi utaifungua mbele ya polisi wanaojua lugha yako. Nikampandisha basi la Kampala, nikarudi kazini nikijiona nimetenda wema.

Majuto ni mjukuu. Huko nyumbani kituo cha polisi kikageuza ile karatasi ya Kiarabu juu chini, kikamuuliza kosa lilitendeka wapi. Juba? Basi arudi Juba. Lakini daktari alikuwa amemkataza safari, jicho la pili lilikuwa limeanza kufifia. Alinipigia simu, hakulia. Afadhali angelia, au hata angenitukana.

Nikakimbilia kwa yule afisa. Nikamwambia mimi ni kaka, nitasimama mahali pake.

Alinitazama kwa huruma, jambo lililoniudhi zaidi. "Jicho ni yako?" Akalifunga faili.

Ubalozini nako nilikwenda. Waliniandikia barua nzuri sana, na sikupata mtu wa kuipokea.

Miezi michache baadaye yule mteja akaja tena, akaketi meza ileile. Alinikumbuka.

"Dada yako iko wapi?"

"Nyumbani. Kenya."

"Mzuri," akasema, kwa upole kabisa. "Nyumbani iko mzuri."

Akaagiza chai. Mhudumu alikuwa mbali, basi nikampelekea mwenyewe, nikaiweka mbele yake kwa mikono miwili.