Nguruwe wa Hedwig Sailer

Kanisa la mawe la wahamiaji wa Kijerumani lilibomolewa Jumapili. Hedwig Sailer alisimama barabarani akaliona buldoza likiingia kwa mlango uleule aliopita yeye akiwa bibi harusi.

Tangu aolewe kutoka Bavaria, Ujerumani, akaja Missouri, Marekani, alikuwa mhafidhina asiyekosa mkutano wa chama cha wahafidhina. Basi mkutano uliofuata akasimama.

"Kwetu mhafidhina hulinda walichojenga wazee," alisema. "Mwenye mali akitaka kukivunja, serikali humshika mkono. Ninyi mnahifadhi nini?"

Delbert Crouse, mwenyekiti, ndiye aliyekuwa amenunua kiwanja cha kanisa akalivunja. Akacheka.

"Tunahifadhi uhuru, mama! Ardhi yangu, nikitaka nafuga mamba. Jamani, nani kamwalika huyu mkomunisti?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hedwig akaketi, uso unamwaka moto. Tangu hapo kinyongo akakilea kama mtoto mchanga.

Delbert alikuwa na jumba jipya kilimani, lenye baraza pana la kuchomea nyama. Shamba lililopakana nalo, upande unakotoka upepo, lilikuwa la Hedwig. Marehemu mumewe alilima mahindi pale. Hedwig akaachana na mahindi, akaleta nguruwe. Wengi. Bwawa la kinyesi akalichimba ubavuni kabisa mwa ua wa Delbert.

Julai Delbert alimwoza binti yake pale barazani. Wageni walikimbia kabla keki haijakatwa. Kesho yake akaja, leso puani.

"Hedwig, huu ni ujirani gani? Nakwenda halmashauri ya kaunti waweke sheria!"

"Sheria? Juu ya ardhi yangu?" Hedwig akamtazama kwa raha. "Pole, Delbert. Ukomunisti umekuanza lini?"

Kweli alikwenda. Wajumbe waliomsikiliza ni walewale wa chama waliocheka naye, na hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono kumuunga. Ardhi ya mtu ni ya mtu, walimwambia, wakiinamisha macho. Hedwig, aliyekaa nyuma, alishangaa. Siku zote alidhani maneno yao ya uhuru ni tamaa tu. Kumbe wenzake wanaiamini imani yao hata inaponuka. Nusura awaheshimu.

Lakini nguruwe hakuwaondoa.

Delbert aliuza jumba, akahamia Arizona. Hedwig alikunywa kahawa dirishani, akitazama lori la mizigo likishuka kilima mpaka likapotea. Akatamani Delbert arudi, ili aondoke tena.